Kutoweka na Kutoweshwa: Lugha, Sheria na Maombolezo katika Uganda ya Idi Amin, 1971-1979

Utangulizi

Tarehe 21 Septemba 1972, watu waliovaa mavazi ya kiraia waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamkamata Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu wa Uganda, na kuondoka naye kwa gari. Hakuonekana tena. Kiwanuka hakuwa mtu mdogo katika historia ya nchi yake. Alikuwa kiongozi wa chama cha Democratic Party, Waziri Mkuu wakati wa kujitawala mwaka 1962, na mfungwa wa kisiasa chini ya Milton Obote. Ni Idi Amin aliyemtoa kizuizini baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971, na ni Amin huyo huyo aliyemteua kuiongoza mahakama. Siku chache kabla ya kukamatwa kwake, Kiwanuka alikuwa ametoa amri ya kuachiliwa kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa akizuiliwa na wanajeshi, na katika uamuzi huo alieleza kwamba wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kumzuilia mtu kwa namna ile. Serikali ilipoulizwa alikokwenda Jaji Mkuu, ilijibu kwamba alitekwa na wapiganaji wa Obote, ambao siku nne kabla ya hapo walikuwa wameivamia Uganda kutoka Tanzania.

Jibu hilo ndilo chanzo cha makala haya. Mauaji ya kisiasa ni jambo la kale, na historia ya Afrika Mashariki haikosi mifano yake. Lakini mauaji ambayo muuaji anayakanusha, ambayo maiti yake haipatikani, na ambayo jamaa wa marehemu wanaambiwa wamtafute ndugu yao kwa adui, ni jambo la aina nyingine. Katika sheria ya kimataifa jambo hili limepewa fasili yake. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1992, na Mkataba uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2010, yote yanataja mambo mawili ya msingi: kwanza, mtu kunyimwa uhuru wake na watumishi wa dola au watu wanaotenda kwa idhini ya dola, pili, dola kukataa kukiri kwamba inamzuilia, au kuficha hatima yake. Jambo la kwanza ni la mabavu. La pili ni la maneno. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba kutoweshwa kwa watu ni tendo la lugha kadiri lilivyo tendo la mabavu, na kwamba kwa sababu hiyo mhakiki wa lugha na fasihi ana wajibu wake mbele ya historia hii, sambamba na mwanasheria na mwanahistoria.

Kitenzi kisicho na mtendaji

Katika mazungumzo ya kawaida, husemwa kwamba watu wengi "walitoweka" wakati wa utawala wa Amin. Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, lakini ina kasoro kubwa ya kihistoria. Kitenzi "toweka" hakihitaji mtendaji. Ukungu hutoweka, harufu hutoweka, na mwezi hutoweka nyuma ya mawingu. Anayetoweka ndiye kiima cha sentensi, na msikilizaji huachwa akidhani kwamba jambo limetukia lenyewe, au kwamba aliyetoweka amejitowesha. Ili mtendaji apate nafasi, sharti kitenzi kinyambuliwe: dola ilimtowesha mtu, mtu alitoweshwa na dola. Silabi chache tu ndizo zinazozitenga kauli hizi mbili, lakini katika silabi hizo ndimo ulimokaa mzozo mzima baina ya serikali ya Amin na jamaa za waliopotea.

Serikali ile ilipendelea kauli ya kwanza, na iliitumia kwa bidii. Mapema mwaka 1973 ilitoa orodha ya watu mashuhuri ambao hawakujulikana walipo, pamoja na maelezo juu ya kilichodaiwa kuwapata. Katika maelezo ya namna hiyo, vitenzi vilivyorudiwa ni vya mwendo: fulani alikimbia, fulani alivuka mpaka, fulani alijiunga na waasi. Aliyetoweshwa aligeuzwa kuwa msafiri. Zaidi ya hayo, aligeuzwa kuwa mkosaji, kwa kuwa katika hali ya siku zile kukimbilia Tanzania kulikuwa ni sawa na kukiri uhaini. Familia iliyomtafuta ndugu yao katika kambi za jeshi ilijikuta ikishukiwa kuwa familia ya mhaini. Kwa hiyo kauli ya serikali ilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: ilifuta nyayo za mtendaji, na ilimhukumu mtendwa asiyekuwapo kujitetea.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomi ni ule wa Frank Kalimuzo, Makamu wa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, aliyetoweshwa mwezi Oktoba mwaka 1972. Chuo ambacho kilikuwa fahari ya elimu ya juu ya Afrika Mashariki kilimpoteza mkuu wake wa utendaji muda usiozidi wiki chache baada ya Mahakama Kuu kumpoteza mkuu wake. Mtu anaweza kuziona nguzo mbili za maneno zikiangushwa kwa zamu: mahali pa hukumu na mahali pa hoja. Yamkini hili halikuwa sadfa. Mtawala anayetegemea kukanusha hawezi kustahimili taasisi ambazo kazi yake ni kuuliza swali na kudai ushahidi.

Sheria zilizotangulia

Ni kosa kudhani kwamba utawala wa Amin ulikuwa utawala usio na sheria. Kinyume chake, uliandika amri nyingi, na mfuatano wake unaonyesha jinsi mlango wa kutowesha watu ulivyofunguliwa hatua kwa hatua. Mwaka 1971 ilitolewa amri iliyowapa wanajeshi mamlaka ya kukamata raia, kazi ambayo hapo awali ilikuwa ya polisi. Mwaka 1972 ikafuata amri iliyozuia mahakama kutoa uamuzi wowote dhidi ya serikali kuhusu jambo lililotendwa kwa ajili ya kulinda amani na usalama, na amri hiyo ilirudishwa nyuma hadi siku za mapinduzi. Mwaka huo huo amri nyingine iliwaruhusu maofisa wa usalama kutumia nguvu yoyote, hata ya kuua, dhidi ya walioshukiwa kuwa majambazi, ambao katika Uganda ya siku hizo waliitwa makondo. Hivyo basi, anayekamata aliongezewa mkono, na anayehoji alifungwa mdomo.

Pamoja na amri hizi, viliundwa vyombo ambavyo majina yake yalikuwa ya upole. Idara iliyoogopwa kuliko zote ilijulikana kwa jina la idara ya utafiti wa dola, na makao yake yalikuwa Nakasero, karibu na makazi ya rais. Kikosi cha polisi chenye jina la usalama wa umma kilikuwa Naguru. Polisi wa jeshi walikuwa na gereza lao Makindye. Mtafiti wa lugha hawezi kupita hapa bila kutua. "Utafiti" ni neno la chuo kikuu, na "usalama wa umma" ni neno la raia mwenyewe. Watumishi wa idara ya utafiti walitambulika mitaani kwa suti za Kaunda, miwani meusi, na magari ambayo nambari zake zilianza kwa herufi UVS. Raia alifahamu maana ya herufi hizo bila kufundishwa. Aliyetiwa ndani ya buti la gari la namna hiyo mchana kweupe, mbele ya watu, alikuwa ametoweka rasmi hata kabla gari halijaondoka, kwa maana kila aliyeona alijua kwamba hapaswi kuwa ameona.

Katika mfuatano huu wa sheria, ipo amri moja ambayo haijazingatiwa vya kutosha na wahakiki. Mwaka 1973 serikali ilitoa amri juu ya usimamizi wa mali za watu waliopotea. Amri hiyo iliwawezesha jamaa wa mtu asiyejulikana alipo kuomba mahakamani ruhusa ya kusimamia mali yake. Kwa mtazamo wa juujuu, ilikuwa sheria ya huruma: mke angeweza kupata fedha za mumewe benki na watoto wakalipiwa karo. Lakini kwa mtazamo wa pili, amri hiyo ni hati ya kukiri. Dola haitungi sheria ya jumla kwa ajili ya jambo la nadra. Ikiwa waliopotea wamekuwa wengi kiasi cha kuhitaji utaratibu wa kudumu wa kusimamia mali zao, basi kupotea kwao si bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja. Serikali iliyokanusha kila tukio peke yake ilikiri matukio yote kwa pamoja, na ilifanya hivyo katika lugha kavu ya mirathi. Amri hiyo haikufa pamoja na utawala ulioitunga, bali iliingia katika mkusanyiko wa sheria za Uganda.

Tume na kumbukumbu zake

Kufikia mwaka 1974, lawama za mashirika ya kimataifa ya wanasheria na ya haki za binadamu zilikuwa zimekithiri. Mwezi Juni mwaka huo Amin aliunda tume ya kuchunguza kutoweka kwa watu nchini Uganda tangu tarehe 25 Januari 1971. Mwenyekiti wake alikuwa Jaji Mohamed Saied, mzaliwa wa nje ya Uganda, na pamoja naye walikuwa maofisa wawili wa polisi na ofisa mmoja wa jeshi. Tume hiyo inahesabiwa leo na wachunguzi wengi kuwa miongoni mwa tume za kwanza kabisa za ukweli duniani. Iliitangulia kwa zaidi ya miaka 9 tume ya Argentina iliyoongozwa na mwandishi Ernesto Sabato, ambayo ripoti yake ya mwaka 1984 ilithibitisha kutoweshwa kwa watu 8,960 chini ya utawala wa kijeshi wa nchi hiyo.

Tofauti ya tume hizi mbili ni kubwa kuliko mfanano wake. Tume ya Argentina iliundwa na serikali ya kiraia baada ya wanajeshi kuondoka madarakani. Tume ya Uganda iliundwa na mtuhumiwa mwenyewe, naye angali amekalia kiti. Ilitarajiwa kuwa ingewatupia lawama wapiganaji wa Obote na kumsafisha mtawala. Haikufanya hivyo. Ilisikiliza mashahidi 545 na kuandika habari za visa 308. Ilibainisha kwamba idara ya utafiti wa dola na kikosi cha usalama wa umma vilihusika na sehemu kubwa ya visa hivyo. Ripoti ilikabidhiwa kwa rais mwaka 1975, na haikuchapishwa kwa umma. Wajumbe walilipia ujasiri wao: mwenyekiti alipoteza kazi yake, mjumbe mmoja alisingiziwa mauaji na kuhukumiwa kifo, na mwingine alilazimika kuikimbia nchi.

Ni muhimu kuisoma tume hii kama tukio la usimulizi. Idadi ya visa 308 ni ndogo mno ikilinganishwa na makadirio ya jumla ya waliouawa katika miaka yote minane, ambayo huanzia watu 80,000 na kufika 300,000 na zaidi. Tofauti hizo za makadirio zenyewe ni matokeo ya kutowesha, kwani dola inayoficha maiti huficha pia hesabu. Lakini visa hivyo 308 vina sifa ambayo makadirio hayana. Kila kimoja kina jina, mahali, na shahidi aliyesimama mbele ya ofisa wa jeshi na polisi akasema alichokiona. Kwa watu 545 kukubali kusema chini ya utawala ule ni jambo ambalo historia ya ushahidi katika Afrika Mashariki haijalipa hadhi yake. Walikuwa wakitenda kinyume cha kanuni ya mtaani iliyosema kwamba aliyeona hakuona. Kwa lugha ya sarufi, walikuwa wakimrejesha mtendaji katika sentensi.

Tume haikuwa ya kwanza kukabili hatari hiyo. Mwezi Julai mwaka 1971 Wamarekani wawili, mmoja mwandishi wa habari na mwingine mhadhiri wa Makerere, walikuwa wametoweka walipokuwa wakichunguza habari za mauaji ya wanajeshi katika kambi ya Mbarara. Jaji aliyepewa kazi ya kuchunguza kisa hicho, David Jeffreys Jones, alikwamishwa na jeshi kiasi kwamba aliona heri kuja Kenya na kuituma ripoti yake akiwa hapa. Miaka michache baadaye kilio kilifika Kenya kwa njia nyingine, pale mwanafunzi Mkenya wa Makerere alipotoweshwa katika uwanja wa ndege wa Entebbe mwaka 1976 akiwa safarini kurudi nyumbani. Mpaka wa nchi haukuwa ukuta. Kenya ilikuwa kimbilio la walionusurika, mahali pa kuandikia ripoti, na pia mahali pa familia iliyosubiri abiria asiyefika.

Kiswahili katika kinywa cha askari

Suala la lugha lina upande mmoja ambao wanazuoni wa Kiswahili wamekuwa wazito kuukabili. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi la Uganda tangu enzi za King's African Rifles, ambamo Amin aliingia mwaka 1946. Katika Buganda, upinzani dhidi ya Kiswahili ulikuwapo tangu miaka ya 1920, wakati serikali ya kikoloni ilipotaka kukieneza na Kabaka Daudi Chwa akakipinga. Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wapenzi wa Kiswahili nje ya Uganda walikuwa na sababu ya kufurahi. Lakini kwa raia wa Kampala au Masaka ambaye hakukikulia, Kiswahili kilikuwa hasa lugha ya kizuizi cha barabarani. Ilikuwa lugha ya kuamriwa kukaa chini, kuvua viatu, kutoa kitambulisho, kupanda gari.

Msamiati wa Kiswahili uliojikita katika mazungumzo ya Waganda wa kipindi hicho unatosha kuwa kumbukumbu ya kihistoria. "Magendo" lilikuja kuwa jina la uchumi mzima wa nchi baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972. "Mafuta mingi" lilikuwa jina la wale walioneemeka kwa maduka na mali zilizoachwa. Katika miaka ya 1980, wakati wa utawala wa pili wa Obote, "panda gari" likawa jina la misako ya jeshi ambamo vijana walikusanywa kwa malori na wengine hawakurudi. Ndani ya vyombo vya usalama vya Amin kulikuwa na msamiati mwingine wa tafsida, kama vile neno "kalasi", lenye asili ya Kiarabu, lililomaanisha kwamba mtu amalizwe. Tafsida katika fasihi ni adabu ya msemaji kwa msikilizaji. Hapa ilikuwa kinga ya mtendaji dhidi ya tendo lake.

Je, lugha ina hatia? Swali hilo likiulizwa hivyo halina jibu la maana, kwani lugha haina mikono. Hata hivyo, lugha ina wasifu, na wasifu huo haufutwi kwa hotuba za kusifu umoja wa Afrika Mashariki. Ikumbukwe pia kwamba wasifu huo hauna sura moja. Askari wa Tanzania walioingia Kampala mwezi Aprili mwaka 1979 walizungumza Kiswahili hicho hicho, na Waganda wakawaita "bakombozi", jina lililofinyangwa kutokana na neno la Kiswahili wakombozi. Milango ya Nakasero ilifunguliwa na watu waliozungumza lugha ya waliokuwa wameifunga. Ndani yake zilipatikana maiti, na pamoja nazo marundo ya kadi na majalada. Mwaka 2005 Kiswahili kilitambuliwa katika katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili. Mwalimu wa Kiswahili anayekwenda kufundisha huko anastahili kujua kwamba kwa baadhi ya wazazi wa wanafunzi wake, lugha hiyo ilisikika kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki.

Maombolezo yasiyo na kaburi

Madhara makubwa zaidi ya kutoweshwa yako katika nyumba za waliobaki. Jamii zote za eneo hili zina utaratibu wa kumsindikiza maiti, na utaratibu huo una mwisho. Matanga huanuliwa. Miongoni mwa Waganda, sherehe ya okwabya olumbe ndiyo inayofunga msiba na kumsimika mrithi, na kabla yake nyumba haijapata mwenyewe. Utaratibu wote huo unahitaji jambo moja la hakika, nalo ni kwamba mtu amekufa. Aliyetoweshwa hajafa mbele ya watu. Kumfanyia matanga ni kumuua. Kutomfanyia ni kumwacha nje usiku. Mke wake si mjane wala si mke. Amri ya mwaka 1973 ilijaribu kulitatua jambo hili upande wa mali, lakini hakuna amri iliyoweza kulitatua upande wa kilio.

Hali hiyo ndiyo iliyozaa biashara ya kusikitisha ya watafuta maiti. Watu wenye uhusiano na vyombo vya usalama walilipwa na familia ili waonyeshe mwili ulipotupwa, aghalabu katika msitu wa Namanve nje ya Kampala. Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wa afya hadi alipoikimbia nchi mwaka 1977, ameieleza biashara hiyo katika kitabu chake cha kumbukumbu, State of Blood, kilichotoka mwaka huo huo. Wengine walitupwa katika mto Nile, kwenye maporomoko ya Karuma au karibu na bwawa la Owen Falls mjini Jinja. Familia zilikuwa tayari kulipa, si ili kupata haki, bali ili kupata mwili. Bei hiyo inaonyesha thamani ya kaburi kwa namna ambayo hakuna nadharia ya maombolezo inayoweza kuionyesha.

Mwezi Februari mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba walikufa katika ajali ya gari. Mwili wa Luwum ulipelekwa kwao Mucwini, kaskazini ya nchi, na ibada ya mazishi iliyokusudiwa kufanywa Namirembe ikakatazwa. Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa kando ya kanisa kuu. Waumini walikusanyika siku ya Jumapili wakasimama kulizunguka kaburi hilo tupu, wakaimba. Tukio hilo lina uzito wa pekee katika historia inayojadiliwa hapa. Watu wale walijua kwamba walikuwa wakiomboleza mbele ya shimo lisilo na mtu, na kwa kufanya hivyo waliipa serikali jibu katika lugha yake yenyewe: ikiwa dola inaweza kuficha maiti, umma unaweza kuzika bila maiti. Waliomboleza kwa ajili ya Luwum, na pengine kwa ajili ya wengi ambao hata shimo hawakuchimbiwa.

Ukumbi wa maigizo

Fasihi ya Uganda ilikabiliwa na tatizo hilo hilo la mtendaji asiyetajika. Aliyebaki nchini alilazimika kutafuta sanaa inayosema bila kusema. Robert Serumaga, katika mchezo wake Amayirikiti wa mwaka 1974, aliacha maneno karibu yote na kutegemea mwili, mwendo na sauti. Jina lenyewe ni la mti wenye maua mekundu. Wahakiki wameuchukulia mtindo huo kama majaribio ya kisanaa, na ni kweli kwamba Serumaga alikuwa msanii wa majaribio. Lakini katika nchi ambamo maneno yalikuwa yameporwa na tangazo la serikali, kuigiza bila maneno kulikuwa pia ni kukataa kushiriki katika uwongo. Mwili uliokuwa ukifichwa msituni ulirudishwa jukwaani, mbele ya watazamaji, nao haukuweza kukanushwa.

Kwa Byron Kawadwa kinga hiyo haikutosha. Kawadwa, aliyekuwa akiongoza Jumba la Maigizo la Taifa mjini Kampala, alikuwa ameshiriki katika tamasha la sanaa za watu weusi mjini Lagos mwaka 1977 kwa mchezo wake Oluimba lwa Wankoko, unaosimulia habari za ugomvi wa madaraka miongoni mwa kuku. Mwaka huo huo alitekwa na kuuawa. Fumbo la kuku lilikuwa limefumbuliwa na msomaji mkali kuliko mhakiki yeyote. Hapa pana funzo la kutia uchungu kwa taaluma ya uhakiki: idara ya utafiti wa dola nayo ilikuwa ikihakiki fasihi.

Walioandika kutoka uhamishoni walikuwa na nafasi zaidi. John Ruganda, aliyeishi na kufundisha Nairobi, aliutoa mchezo wa The Floods mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya Amin kuanguka. Mchezo huo unatokea katika kisiwa, na umejengwa juu ya tangazo la uwongo: wakazi wanaambiwa kwamba mafuriko yanakuja, kwa hiyo wapande mashua ya kuwaokoa. Wanaoipanda hawafiki. Pamoja na Bwogo, mkuu wa vyombo vya usalama, na Nankya, msomi aliyeingiliana na utawala, Ruganda anamweka Kyeyune, mvuvi mzee ambaye nyavu zake zimevua kitu kingine badala ya samaki. Katika mpangilio huo wa wahusika umo mchakato mzima uliojadiliwa katika makala haya. Yupo anayetoa tangazo, yupo anayelijua kuwa si kweli na kunyamaza, na yupo anayekutana na maiti. Ziwa limekataa kuwa mshiriki wa kukanusha. Ruganda haihitaji orodha ya waliouawa, kwa kuwa ameushika utaratibu wenyewe: kwanza neno, kisha mashua, kisha ukimya, kisha wavu wa mvuvi.

Hitimisho

Amin alikufa Jeddah tarehe 16 Agosti 2003 bila kufikishwa mbele ya mahakama yoyote. Tume ya pili, iliyoongozwa na Jaji Arthur Oder, iliteuliwa mwaka 1986 kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu tangu uhuru wa mwaka 1962, nayo ilitoa ripoti yake mwaka 1994. Tangu mwaka 2018 mahakama ya Uganda imeandaa mhadhara wa kumbukumbu ya Benedicto Kiwanuka, mhadhara ambao umefungamanishwa na tarehe 21 Septemba. Ni jambo la kutafakari kwamba tarehe hiyo si ya kufa kwake. Ni tarehe ya kuchukuliwa kwake. Kwa aliyetoweshwa, siku ambayo mashahidi wanaijua ndiyo siku pekee inayoweza kukumbukwa.

Imeonyeshwa katika makala haya kwamba kutoweshwa kwa watu katika Uganda ya Amin kulihitaji msururu wa matini: amri zilizowapa askari mamlaka, majina ya upole ya idara, matangazo ya redioni, orodha za waliodaiwa kukimbia, na sheria ya mali za waliopotea. Imeonyeshwa pia kwamba waliopinga walipinga kwa matini: hukumu ya jaji, ushahidi wa watu 545, wimbo kando ya kaburi tupu, mchezo usio na maneno, na mvuvi wa Ruganda. Uhakiki wa fasihi katika eneo hili umezoea kuzisoma matini za kundi la pili na kuziachia idara nyingine zile za kundi la kwanza. Mgawanyo huo haufai. Amri ya mwaka 1973 na The Floods ni matini mbili zinazozungumzia watu wale wale, na msomi anayeisoma moja bila nyingine amesoma nusu.

Kuhusu Kiswahili chenyewe, wajibu ni mwepesi kuutaja na mgumu kuutimiza. Kila mwandishi wa historia ya miaka ile, kila mwalimu anayetunga zoezi la darasani, kila mwandishi wa habari anayekumbuka mwaka 1972, hukutana na uchaguzi baina ya vitenzi viwili. Kiwanuka hakutoweka. Alitoweshwa. Palipo na kitenzi cha pili, msomaji ana haki ya kuuliza: na nani?